Mtoto Anayetumia Dawa za ADHD na Uzito Wake: Mwongozo kwa Walimu, Wauguzi na Walezi wa Eldoret

Mwongozo huu ni wa watu ambao mtoto hupita mikononi mwao tangu alfajiri hadi usiku: mzazi au mlezi, msaidizi wa nyumbani, mwalimu wa darasa, matroni wa bweni, muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya ya jamii. Unahusu watoto wa miaka 6 na zaidi walioandikiwa dawa za ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kumakinika au kujizuia, kiasi cha kuyumbisha masomo na maisha yake ya nyumbani. Mwongozo hauchukui nafasi ya ushauri wa daktari anayemhudumia mtoto.

Jambo kuu la kushika ni moja. Mtoto huyu alishwe kwa kufuata saa ya dawa: ashibe kabla dawa haijaanza kufanya kazi, ale tena vizuri inapoisha nguvu, na uzito wake uandikwe kila anapopimwa. Mzazi anayeona mwanawe akikonda huingiwa na hofu, na wengine huamua kuitupa dawa kimyakimya. Mara nyingi hilo halihitajiki. Kwa watoto wengi tatizo hupungua mara tu milo inapopangwa upya.

1. Kwa nini hamu ya kula hushuka

Dawa inayotumika zaidi ni methilfenideti, ambayo wengi huijua kwa majina ya biashara kama Ritalin na Concerta. Huongeza nguvu za dopamini na noradrenalini, kemikali za ubongo zinazomsaidia mtoto kumakinika. Kemikali hizo pia zina mkono katika njaa, ndiyo maana chakula humkinai mtoto wakati dawa imekolea. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa takribani saa 3 hadi 4. Kile cha kutenda polepole huendelea kwa saa 8 hadi 12. Mtoto aliyekimeza saa 1 asubuhi hufika saa 7 mchana akiwa hana njaa hata kidogo, kisha njaa humrudia kwa kishindo jioni.

Atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD, hufanya kazi mfululizo usiku na mchana. Nayo hupunguza hamu ya kula, hasa katika wiki za mwanzo.

Huko Marekani, utafiti mkubwa uitwao MTA uliowafuatilia watoto 579 ulionyesha kwamba baada ya miaka 3, watoto walioanzishiwa dawa hizi walikuwa wamekua pungufu kwa wastani wa sentimita 2 na kilo 2.7, wakilinganishwa na wenzao wenye ADHD ambao hawakutumia dawa. Huo ni wastani. Yupo mtoto asiyepungua kabisa na yupo anayepungua sana. Mizani ndiyo itakayotuambia huyu wetu yuko upande gani.

2. Kabla ya dozi ya kwanza

Pima uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kisha andika yote pamoja na tarehe. Bila kipimo cha mwanzo, baadaye hakuna atakayejua kama mtoto amepungua au alikuwa hivyo tangu awali. Kijitabu cha Mama na Mtoto hufuatilia ukuaji hadi miaka 5, kwa hiyo kwa watoto wa shule tumia chati za Shirika la Afya Duniani (WHO) za miaka 5 hadi 19. Mzazi naye awe na daftari lake la nyumbani.

Uliza mtoto hula nini, saa ngapi, na nani humpa. Hakikisha amepewa dawa ya minyoo kwa ratiba. Kikohozi kisichoisha, kutokwa jasho usiku, kiu kali pamoja na kukojoa mara kwa mara, au kuhara kwa muda mrefu ni mambo yanayotaka uchunguzi wa peke yake. Kifua kikuu, kisukari na minyoo hukondesha mtoto pia, na ni hatari kukisingizia kidonge cha ADHD.

Upimaji ufanywe kwa uangalifu. Asubuhi za Eldoret ni za baridi, na mtoto huja kliniki amevaa sweta, jaketi, boshori na viatu vya ngozi. Nguo hizo zaweza kufikia kilo nzima, yaani kiasi kilekile tunachohofia kwamba amepoteza. Mvue nguo nzito na viatu, mpime kwenye mizani iliyo juu ya sakafu ngumu na inayosoma sifuri, na utumie mizani ileile kila mara. Kwa urefu, visigino na mgongo viguse ukuta, macho yatazame mbele, na nywele zilizosukwa juu zisiingizwe kwenye hesabu. Pima mara mbili.

3. Ratiba ya kupima na namna ya kuisoma

Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, uliotolewa mwaka 2018, unaelekeza kwamba mtoto wa miaka 10 au chini ya hapo apimwe uzito kila miezi 3. Mwenye umri zaidi ya hapo apimwe miezi 3 na miezi 6 baada ya kuanza dawa, kisha kila miezi 6. Urefu hupimwa kila miezi 6. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupimwa kila dozi inapobadilishwa na kila miezi 6. Katika miezi 3 ya kwanza ni vyema uzito uangaliwe kila mwezi, hata kwenye zahanati ya mtaa wa Langas, Huruma au Kapsoya, mradi mizani ni ileile.

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 8 mwenye kilo 25 na urefu wa sentimita 125. Ukigawanya uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 16. Baada ya miezi 3 ana kilo 24 na sentimita 126, na hesabu inatoa takribani 15.1. Kwenye chati ya WHO bado yumo katika kiwango cha kawaida, na mtu mwenye haraka atasema hana shida. Lakini mtoto wa umri huu huongeza takribani kilo 2 hadi 3 kwa mwaka. Huyu alipaswa kupanda zaidi ya nusu kilo, naye ameshuka kilo moja. Mstari wake unateremka, na wakati wa kurekebisha milo ni sasa, kabla hajafikia kiwango cha utapiamlo.

4. Kuipanga siku

*Alfajiri.* Basi la shule likipita saa 12, mtoto huondoka na kikombe cha chai na kipande cha mkate, akishameza kidonge. Mpangilio huo ubadilishwe. Aamshwe dakika 20 mapema, ale kwanza, na dawa iwe ya mwisho mezani. Mlo huu ndio atakaoula kwa hamu kamili, kwa hiyo uwe mzito: uji wa wimbi uliopikwa kwa maziwa na kutiwa siagi ya karanga, yai, na ndizi au kiazi kitamu. Mayai na viazi vichemshwe usiku ili asubuhi isiwe ya mbio. Kidonge cha kutenda polepole kimezwe kizima, kisivunjwe wala kutafunwa.

*Saa 4 asubuhi.* Wakati wa mapumziko atosheke na kidogo chenye nguvu: karanga, ndizi au maziwa.

*Saa 7 mchana.* Apewe sehemu ndogo na aketi na wenzake. Aanze na maharagwe, ndengu au nyama kabla ya mchuzi na maji, maana tumbo lake litajaa upesi. Akiacha chakula, asilazimishwe.

*Saa 10 jioni.* Hapa njaa huanza kurudi, na hapa ndipo nyumba nyingi huipoteza nafasi kwa chai na mandazi. Mpe mlo kamili: ugali, mboga iliyokaangwa, mayai au maharagwe. Chai kali ipunguzwe, kwa kuwa hujaza tumbo na kuzuia usingizi.

*Saa 1 usiku na kabla ya kulala.* Baada ya chakula cha jioni, aongezewe kikombe cha maziwa, maziwa lala au mursik, pamoja na mkate uliopakwa parachichi. Dozi ya pili, kama ipo, itolewe kwa saa iliyoandikwa na daktari. Ikichelewa huharibu chakula cha jioni na usingizi kwa pamoja.

5. Chakula cha bei nafuu chenye nguvu nyingi

Mtoto wa miaka 8 huhitaji takribani kalori 1,700 hadi 1,800 kwa siku. Kikombe cha maziwa yasiyoondolewa mafuta kina takribani kalori 150, nusu ya parachichi 150, na kiganja cha karanga cha gramu 30 kina 170. Vitu hivyo vitatu, vinavyopatikana katika soko lolote la Uasin Gishu, vinafidia karibu chakula chote cha mchana alichokiacha shuleni. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia huongeza takribani kalori 120 kwenye mboga au githeri bila kuongeza ukubwa wa sahani. Yai moja lina takribani 70 na protini nzuri.

Soda, peremende na krips zisitumike kama njia ya kumnenepesha. Huharibu meno na kuua hamu ya chakula chenye manufaa. Hakuna haja ya kununua unga ghali wa kuongeza uzito pasipo ushauri wa mtaalamu wa lishe.

6. Wajibu wa shule

Mwalimu ndiye anayeona mkebe wa chakula ukirudi ukiwa umejaa. Aandike kwa ufupi: amekula chote, nusu, au hakula. Mzazi ataijua hali halisi na kuongeza chakula cha jioni. Mtoto asiadhibiwe wala kuaibishwa kwa kutomaliza githeri, na asiitwe majina kwa sababu ya dawa. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha, za mwili na za kisaikolojia. Taarifa za afya yake ziwe kwa wanaohusika tu.

Katika shule za bweni, matroni apewe ratiba iliyoandikwa, ruhusa ya kumpa mtoto chakula cha ziada jioni, na mahali pa kukitunza. Methilfenideti imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazodhibitiwa. Ifungiwe kabatini, ihesabiwe, na kila dozi itiwe sahihi daftarini. Mtoto asigawiwe dawa ya mwenzake hata siku moja.

Eldoret ni mji wa wakimbiaji, na wengi wa watoto wetu hufanya mazoezi kila jioni. Mkimbiaji anayetumia dawa hizi aongezewe chakula mara tu baada ya mazoezi. Akianza kushiriki mashindano makubwa, mzazi na kocha watafute mapema kibali cha matumizi ya dawa kwa tiba kupitia Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Kenya (ADAK), kwani methilfenideti hairuhusiwi wakati wa mashindano.

7. Uzito unapopanda kupita kiasi

Baadhi ya watoto wenye ADHD hupewa pia risperidoni kwa ajili ya hasira na ukali uliopindukia. Dawa hiyo huongeza njaa, na mtoto aweza kunenepa kwa kasi. Kwake yeye ongezeko la chakula lililoelezwa hapo juu halifai. Apewe mboga na protini nyingi, apunguziwe vyakula vya kukaanga na vinywaji vya sukari, acheze nje kila siku, na daktari aelezwe mapema. Kwanza jua mtoto anatumia dawa gani, ndipo upange sahani yake.

8. Wakati wa kurudi kwa daktari

Mrudishe mtoto bila kungoja tarehe ya kliniki iwapo:

- uzito umeshuka katika vipimo viwili mfululizo, au haujapanda kabisa kwa miezi 3;
- anakataa chakula siku nzima, hata usiku dawa ikiwa imeisha nguvu;
- anatapika mara kwa mara, au tumbo linamuuma kila siku;
- hapati usingizi, amekuwa mnyonge kuliko kawaida yake, au ana huzuni nyingi;
- nguo na viatu vyake havijawa vidogo kwa mwaka mzima.

Akizimia, akiumwa kifua, au moyo wake ukienda mbio akiwa ametulia, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Rufaa za ukanda huu hupokelewa na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH), yenye wataalamu wa afya ya akili na hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka 2015.

Daktari ana njia kadhaa: kupunguza dozi, kubadilisha saa au aina ya kidonge, kuhamia dawa nyingine, au kupanga mapumziko ya dawa, kwa mfano katika likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, ili mtoto afidie ukuaji. Mapumziko hayo ni uamuzi wa daktari pamoja na familia. Kwa atomoksetini, kuruka siku hakufai.

9. Nani afanye nini

Mzazi apange milo na kutunza daftari. Msaidizi wa nyumbani au nyanya anayebaki na mtoto aelezwe kwa nini mlo wa saa 10 ni muhimu kuliko wa mchana. Mwalimu aandike kilicholiwa. Mhudumu wa afya ya jamii atembelee na kupima kati ya kliniki moja na nyingine. Muuguzi achore mstari kwenye chati mbele ya mzazi na kumweleza maana yake. Daktari apewe taarifa hizo zote kabla ya kugusa dozi.

Mtoto mwenyewe ashirikishwe. Aambiwe kwa lugha nyepesi kwamba dawa huificha njaa kwa muda, na kwamba mwili wake bado unahitaji chakula. Aulizwe anapenda kula nini jioni, na jibu lake liingie kwenye ratiba. Anastahili kusoma kwa utulivu na kukua kama wenzake, na kwa mpango huu tunaweza kumpatia yote mawili.