Breki za mafuta na baridi ya alfajiri

*Baiskeli yangu ina breki za mafuta. Alfajiri mkono wa breki huwa mzito na hurudi polepole. Jua likipanda, unalegea. Je, mafuta yanaganda?*
*Msomaji, Robanda, Serengeti*

Hayagandi. Hata maji huhitaji nyuzi 0 kuganda, na baridi ya Robanda haifiki huko. Mafuta ya breki huvumilia zaidi. Ubaridi huyafanya mazito kidogo tu.

Mshukiwa wa kwanza ni vumbi la changarawe. Hujikusanya kuzunguka pistoni inayosukuma pedi, likalowa umande, pistoni ikasita kurudi.

Msomaji atoe gurudumu na pedi, abonyeze breki kidogo mno hadi pistoni zichungulie (akizidisha zitachomoka), azipanguse kwa kitambaa chenye spiriti, kisha azisukume ndani taratibu kwa kipande cha plastiki. Grisi na mafuta ya taa yakae mbali: yakigusa pedi, breki haishiki.

Mkono ukibonyea hadi usukani au mafuta yakivuja, asiendeshe. Fundi pikipiki wa Mugumu anaweza kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta, lakini asome kwanza maandishi kwenye mkono wa breki. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Akitia mafuta ya breki ya pikipiki (DOT), sili zitaharibika.