Kompyuta Ikilalamika kwa Kiingereza

Unajifunza kuandika programu, umeiendesha, na badala ya jibu skrini imejaa Kiingereza chenye rangi nyekundu. Usikifute. Huo ni ujumbe wa kosa: kompyuta inakueleza imekwama wapi na kwa nini.

Usome kuanzia wapi? Anzia chini. Katika Python, lugha ambayo wengi huanza nayo, habari kuu iko mstari wa mwisho. Tuseme juu ya faili uliandika jumala = 500, kisha mstari wa nne ukaandika print(jumla). Utaona: NameError: name 'jumla' is not defined. Neno la kwanza ni aina ya kosa, yaani jina halijulikani. Lililo ndani ya alama za kunukuu ndilo jina lenyewe. Kwa ufupi, kompyuta inasema hujaiambia jumla ni nini. Ukipanda kidogo utakuta line 4, ndio mstari wa kwenda kurekebisha. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, Python hujaribu hata kukisia jina ulilokusudia.

Makosa mengine utakayokutana nayo mapema ni SyntaxError, mara nyingi mabano au alama ya kunukuu hukuifunga. IndentationError, nafasi za mwanzo wa mstari hazijakaa sawa. Na ZeroDivisionError, umegawanya kwa sifuri.

Je, huwezi kuyapata kwa Kiswahili? Python yenyewe haitafsiri. Kama ndiyo kwanza unaanza, au unamfundisha mtoto, fungua hedy.org. Hedy ni lugha ya mafunzo iliyobuniwa Uholanzi na Felienne Hermans, ikatoka mwaka 2020, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Hakuna cha kulipia wala cha kusakinisha. Utatumia bando lako tu. Sehemu isiyotafsiriwa bado itatokea kwa Kiingereza.

Basi si yatafsiriwe yote? Maelezo, ndiyo, tena yangeanza jana. Lakini jina la kosa, na namba yake kama ipo, vibaki kama vilivyo, na sentensi ya asili ikae pembeni. Sababu ni ya kazi tu: ukikwama utatafuta mtandaoni, na majibu mengi yaliyoko huko yaliandikwa chini ya sentensi ile ya Kiingereza. Microsoft wameshatafsiri Visual Studio, programu yao ya kuandikia msimbo, kwa Kifaransa, Kituruki, Kichina na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo. Mturuki akinakili ujumbe wa Kituruki na kuutafuta, anapata kidogo. Kinachomwokoa ni namba: CS0103 ya lugha ya programu ya C# ni ileile, ujumbe uwe wa Kituruki au Kiingereza. Rust, lugha nyingine ya programu, nayo hutoa namba. Andika rustc --explain E0382 upate maelezo marefu yenye mifano, hata bila intaneti. Ni Kiingereza, lakini cha taratibu.

Anayetumia GCC, chombo cha kugeuza msimbo wa C kuwa programu, akiona ujumbe umekuja kwa lugha ya kompyuta yake, atangulize LC_ALL=C mbele ya amri, Kiingereza kitarudi.

Ukitumia mashine ya kutafsiri, bandika mstari wa mwisho tu, na majina uliyobuni mwenyewe uyaache yalivyo. Kabla ya kutuma ujumbe mzima kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada, usome kwanza: wakati mwingine hubeba nywila ya hifadhidata, au njia ya faili yenye jina lako.

Na ukiwa na Kiswahili kizuri na saa moja ya ziada, saidia: tafsiri za Hedy hufanywa na watu wa kujitolea kupitia tovuti ya Weblate. Unajisajili bure, unachagua mradi wa Hedy, kisha Kiswahili, na unaanza na sentensi zilizoachwa wazi.