Noah imechoka: tununue gari gani, na pesa zipitie wapi?

Ukiishi Kathonzweni unaijua hii gari. Ni Noah ya tangu enzi za namba za KB, mlango wa pembeni unafunguka kwa nje tu, na ikipanda mlima abiria wa nyuma wanainama mbele kana kwamba wanaisaidia. Imepeleka watoto shule Wote, imebeba ndengu hadi sokoni, imerudisha jamaa usiku kutoka matanga. Sasa fundi amesema injini lazima ifunguliwe, na familia imekaa kikao: tuitengeneze, au tununue nyingine?

Watu hawatupigii simu kuuliza ni gari gani zuri. Wanatupigia wakati pesa zimeshatumwa na muuzaji hashiki simu. Kwa hivyo leo tunaanza mapema, kabla hujaingiza PIN.

Daftari kwanza, picha baadaye

Wengi huanza na picha mtandaoni. Sisi tunakuomba uanze na daftari la watoto. Kwa miezi mitatu andika kila safari: nani aliingia, mlienda wapi, mlibeba nini. Inaonekana kazi ya bure, lakini familia nyingi hununua gari kwa ajili ya wiki moja ya Desemba, ndugu wote wakiwa nyumbani, halafu mwaka mzima gari hilo linaendeshwa na mtu mmoja.

Tuseme familia ni ya watu sita: baba, mama, watoto watatu na susu, mama yake baba. Daftari lao likisomwa, linasema hivi: baba anaenda kazini Wote siku tano kwa wiki, peke yake. Jumapili zote 13 ni kanisani, na jirani huwa anapandia hapo, jumla watu saba. Susu ameenda kliniki mara tatu. Magunia ya ndengu, mara nne. Na watu wanane au zaidi? Mara mbili tu, zote matanga.

Hapo ndipo mazungumzo yanabadilika. Kila mtu alikuwa anasema "Noah nyingine", kwa sababu ndiyo wameizoea. Lakini kwa safari mbili ndani ya miezi mitatu unaweza kukodi matatu, na bado ukabaki na pesa. Viti saba vinatosha, na Toyota Sienta ina viti saba. Milango yake ya pande zote mbili ni ya kuteleza kama ya Noah, na sakafu iko chini, kwa hivyo susu mwenye goti baya anaingia bila kuinuliwa. (Hili goti pia ndilo linaloondoa lile gari refu la kupanda juu ambalo baba amekuwa akilitazama kwa siri. Pole, baba.) Viti vya nyuma kabisa hukunjwa vikaingia chini ya viti vya katikati, na pale pa wazi ndipo gunia linakaa.

Sasa mafuta. Sienta ya petroli ina injini ya cc 1,496. Noah ya petroli ina cc 1,986. Kazini na safari nyingine zote, weka kilomita 1,000 kwa mwezi. Noah ikienda kilomita 10 kwa lita, unahitaji lita 100. Sienta ikienda kilomita 15, ni kama lita 67. Petroli tuiweke shilingi 180 kwa hesabu tu, maana EPRA hutangaza bei mpya kila mwezi. Noah inakula 18,000, Sienta inakula kama 12,000. Tofauti ni 6,000 kwa mwezi, au 72,000 kwa mwaka. Hiyo ni karo ya mtu.

Zile cc pia hugusa ushuru wa gari linaloagizwa kutoka nje. Kwa magari ya abiria, ushuru wa bidhaa hupanda injini ikivuka cc 1,500, na Sienta inakaa chini ya mstari huo kwa cc nne tu.

Lakini tusikudanganye, Sienta iko chini kweli. Watu wazima saba wakijaa ndani, kwenye murram mbaya itakwaruza. Kama nyumbani kwenu ni ndani kuelekea Mbuvo au Kitise, na kila siku ni mawe, mchanga na mito ya msimu, usilazimishe. Hapo Probox iliyotunzwa inaweza kukufaa zaidi, ingawa ina viti vitano tu, na sita ndani ya vitano si hesabu ya kwenda nayo barabarani. Muulize fundi wako wa Wote maswali mawili: hili gari amelifungua mara ngapi, na spea zake zinapatikana hapo hapo au mpaka zitoke Grogan, Nairobi? Akianza kujikuna kichwa, umejibiwa.

Kuna wanaosema, "Tutabeba abiria siku za soko, gari lijilipe." Bima ya gari la kibinafsi si ya kubeba abiria wa nauli. Ajali ikitokea ukiwa na abiria waliolipa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa dai lako, na deni la hospitali linakuja mlangoni kwako.

Na kuitengeneza ile Noah ya zamani? Itengeneze kama bodi bado ni nzima na umepanga kukaa nayo miaka miwili au mitatu ukiweka akiba. Usifungue injini ili uiuze. Mnunuzi hatakurudishia hizo pesa.

Namba ya gari haisemi umri

Kenya hairuhusu gari la mitumba lenye zaidi ya miaka minane kuingia nchini. Mwaka 2025, kwa mfano, lililoruhusiwa ni lile lililosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Watu husahau kwamba sheria hii imekuwepo miaka yote. Gari la KDA, namba zilizoanza 2020, linaweza kuwa lilitengenezwa 2013. Dalali atakuambia "hii ni KD, ni mpya". Wewe soma mwaka wa kutengenezwa kwenye logbook.

Pesa zinapoanza kutembea

Hapa ndipo tunaposikia vilio. Hadithi huwa ni ileile: tangazo mtandaoni, picha safi, bei iko chini ya nyingine kwa laki mbili au tatu. "Gari iko bandarini Mombasa, kuna mtu mwingine anaitaka, tuma elfu hamsini nikushikie." Namba ni ya mtu binafsi. Unatuma saa nne asubuhi, saa nne na dakika kumi imeshatolewa kwa wakala. Ukitupigia saa tano, tutafungua malalamiko na tutajaribu, lakini pesa iliyotolewa taslimu hatuwezi kuirudisha kutoka mfukoni mwa mtu.

Kwa hivyo pesa za kwanza kutoka kwenye simu yako zisiwe za gari. Ziwe za kulichunguza. Lipia rekodi ya gari ya NTSA kupitia eCitizen, na ada hiyo huenda kwa paybill ya serikali, 222222, si kwa namba ya "mtu wetu wa NTSA". Rekodi itakuonyesha jina la mwenye gari, namba ya chesisi na namba ya injini. Jina lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na namba uzilinganishe na gari lenyewe kwa macho. Kisha tafuta kwenye rejista ya dhamana za mali zinazohamishika, ile iliyokuja na sheria ya mwaka 2017. Gari likiwa limewekwa dhamana ya mkopo ambao haujaisha, mkopeshaji anaweza kulifuata hata likiwa uani kwako Kathonzweni.

Kisha mlipe fundi nauli na siku yake mwende naye, iwe ni yadi ya Ngong Road au Mombasa. Ni pesa ndogo ukilinganisha na giaboksi.

Bei kamili haitapita kwa simu kwa siku moja, na hili linakusaidia. Tangu Agosti 2023 kiwango cha juu cha muamala mmoja ni shilingi 250,000, na kwa siku ni 500,000. Gari la 1,300,000 litahitaji siku tatu. Anayekuambia utume zote leo kwa namba tatu tofauti za "ndugu zake" hakutakii mema. Kama lazima utoe deposit, iwe ndogo, iende kwa till au paybill ya biashara yenyewe, na usome jina linalotokea kabla ya kukubali. Salio lipitie benki, mkiwa mmetia sahihi makubaliano, na muuzaji ameshaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen nawe umeuona kwenye yako. Kisha kamilisha haraka, kwa sababu sheria ya barabara inatoa siku 14 tu za kuendesha gari ambalo halijaingia kwa jina lako. Dalali akiomba nywila yako ya eCitizen "akusaidie", usimpe. Ni kama kumpa PIN.

Zikipungua pesa, nenda sacco. Mkopo wa simu wa siku 30 umetengenezwa kwa ajili ya dharura, na gari la miaka kumi halilipwi kwa mwezi mmoja. Tunasema hivi ingawa mikopo hiyo nasi tunaitoa.

Ukiuza ile ya zamani

Noah nayo itapata mtu, pengine pale pale Wote. Usiachilie funguo kabla uhamisho haujakamilika. Likigonga mtu kesho, jina lililo kwenye rekodi ni lako. Mnunuzi akikuonyesha ujumbe kwamba ametuma, usiangalie ujumbe wake, wala hata ule ulioingia kwako, kwa sababu SMS za uongo zipo. Angalia salio lako mwenyewe. Na kabla hajatuma, jua kwamba akaunti ya simu haishiki zaidi ya 500,000. Kama una 150,000 za chama mle ndani na yeye anakulipa 400,000 kwa awamu mbili, ya kwanza itaingia, ya pili itakataliwa, na mtaanza kuangaliana vibaya bila sababu. Hamisha za chama benki asubuhi hiyo, kisha mpigie simu aje.