Wanawake wa Hoki

Mtoto wa Likasi akisikia neno mpira, hufikiri mara moja mpira wa miguu. Hoki ni mchezo mwingine. Watu 11 kwa kila upande hupiga mpira mdogo, mgumu kama jiwe, kwa fimbo iliyopinda chini. Mpira huo una uzito wa grama 160 hivi. Kiwanja chake kina urefu wa metri 91 na upana wa metri 55.

Fimbo ni fupi, na mpira uko chini. Basi mchezaji hukimbia ameinama, kama mama anayelima kwa jembe la mpini mfupi. Lakini mama huyo halazimiki kukimbia. Kwa sababu hiyo wachezaji wengi huumwa kiuno. Katika mchezo mmoja mwanamke wa timu kubwa huenda kilometri 5 au 6. Mwendo wake si mmoja. Hutembea, hukimbia polepole, halafu ghafula hukimbia kwa nguvu zake zote metri 10 au 20, husimama, hugeuka, huanza tena. Moyo wake hupiga zaidi ya mara 160 kwa dakika. Moyo wa mtu aliyeketi hupiga mara 70 hivi.

Nguvu hizo hazipatikani kwa siku moja. Wachezaji hukimbia metri 20 kwenda na kurudi, wakifuata mlio unaozidi kuharakisha, anayechelewa hutoka. Tena huinua vitu vizito, ili mapaja na mgongo viwe imara.

Kusini ya Katanga, ukivuka Zambia, kuna inchi ya Zimbabwe. Zamani shaba ya Katanga ilipita huko kwa gari la moshi, ikielekea bahari ya Beira. Inchi hiyo ilipata uhuru mwezi wa Aprili 1980. Mwezi wa Julai mwaka uleule, wanawake wake 16 walikwenda Moscow kwa michezo ya Olimpiki. Wote walikuwa wazungu, na hapana hata mmoja aliyelipwa mshahara wa kucheza. Mataifa mengi yenye timu hodari yalikataa kwenda, kwa ajili ya vita ya Afghanistan. Ndiyo maana Zimbabwe iliitwa, tena kwa haraka.

Kwao walizoea majani. Huko Moscow walikuta kiwanja cha majani ya kutengenezwa, ambapo mpira hukimbia upesi zaidi na miguu huchoka zaidi. Wakacheza michezo 5 katika siku 7, kila mmoja wa dakika 70. Walishinda Poland na Muungano wa Sovieti, wakatoka sawasawa na Czechoslovakia na India. Siku ya 31 Julai waliifunga Austria 4 kwa 1, wakapata medali ya zahabu, ya kwanza ya wanawake katika hoki ya Olimpiki.

Jibu: Kwa nini mchezaji wa hoki huumwa kiuno? Kiwanja cha Moscow kilikuwa na shida gani kwa wanawake wa Zimbabwe?