Siko seli: maswali ya wazazi wa Busisi, na majibu yanayoanzia ndani ya seli

Tangu Juni 2025, Daraja la J. P. Magufuli limeunganisha Kigongo na Busisi. Mgonjwa aliyekuwa akisubiri kivuko ufukweni sasa anavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache na kuendelea hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Hata hivyo, barabara nzuri humfaa mzazi anayejua ni wakati gani wa kuondoka nyumbani, na kwa ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita siko seli, wazazi wengi bado hawajaelezwa wakati huo.

Jambo hili si la watu wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima sampuli za damu za watoto wadogo zaidi ya 17,000 kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Takriban mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba cha selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Kila ushauri ambao daktari humpa mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa huo una sababu yake ndani ya seli. Mzazi akiielewa sababu hiyo, haoni tena ushauri kama amri tu.

Seli ni nini?

Seli ni sehemu ndogo kabisa ya kiumbe iliyo na uhai wake yenyewe. Bakteria ni seli moja tu, na kimelea cha malaria pia ni seli moja. Sangara, mhogo na binadamu wameundwa kwa seli nyingi mno: mwili wa mtu mzima una takriban trilioni 30. Seli hupokea chakula, hutumia nguvu, hutoa taka, hujigawa, na ikifa huachia nafasi nyingine.

Seli za aina nyingi mwilini zina sehemu hizi:

- Utando, unaoizunguka seli na kuchagua kipi kiingie na kipi kitoke.
- Saitoplazimu, ute uliojaa ndani, ambamo kazi nyingi za seli hufanyika.
- Kiini, kinachotunza DNA, yaani maelekezo ya kutengeneza kila protini ya mwili. Sehemu ya DNA inayobeba maelekezo ya protini fulani huitwa kinasaba.
- Ribosomu, zinazosoma nakala ya maelekezo hayo na kuunganisha protini.
- Mitokondria, zinazotumia oksijeni kupata nguvu kutoka kwenye chakula.

Seli nyekundu ya damu ina upekee gani?

Kazi yake kubwa ni moja: kuchukua oksijeni kwenye mapafu na kuifikisha kila pembe ya mwili. Umbo lake limetengenezwa kwa kazi hiyo. Ni ya duara, imebonyea katikati pande zote mbili, na upana wake ni kama sehemu 7 hadi 8 za elfu za milimita. Baadhi ya mishipa inayopitia ni myembamba kuliko yenyewe, kwa hiyo lazima ijikunje, ipenye, kisha irudie umbo lake. Ulaini wa utando wake ndio unaoiwezesha kufanya hivyo.

Inapokomaa ndani ya uboho wa mifupa, seli hii hutoa kiini chake nje na kubaki bila mitokondria. Nafasi iliyobaki hujazwa protini iitwayo himoglobini, ambayo ina madini ya chuma na ndiyo inayoipa damu rangi nyekundu. Seli moja hubeba takriban molekuli milioni 270 za himoglobini, na kila molekuli inaweza kushika molekuli nne za oksijeni. Kwa kuwa haina kiini, haiwezi kujikarabati wala kujigawa. Huishi siku 120 hivi, kisha mwili huivunja na kutumia tena chuma chake. Ili pengo lizibwe, uboho hutengeneza zaidi ya seli milioni mbili mpya kila sekunde.

Katika siko seli, nini hasa kimebadilika?

Ni herufi moja ya maelekezo kwenye kinasaba kilichopo katika kromosomu namba 11. Badiliko hilo linafanya asidi amino moja kati ya 146 za mnyororo mmoja wa himoglobini iwe tofauti na inayotakiwa. Vernon Ingram aligundua hilo akiwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1956.

Himoglobini hiyo hubeba oksijeni kama kawaida. Tatizo huanza inapoiachia. Molekuli zake hushikana na kujipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu, nazo nyuzi huivuta seli mpaka inapinda kama mundu. Ikifika tena kwenye mapafu huweza kunyooka, lakini kila mzunguko huuumiza utando, na mwisho wake seli hubaki imekakamaa. Badala ya siku 120, huishi takriban siku 10 hadi 20 tu.

Kwa nini mtoto anaumwa namna zile?

Mambo mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza, seli hufa haraka kuliko uboho unavyoweza kuzifidia. Mtoto hupungukiwa damu, huchoka upesi, na macho huwa ya manjano kwa sababu ya mabaki ya himoglobini iliyovunjwa.

La pili, seli zilizokakamaa huziba mishipa midogo. Sehemu iliyozibiwa hukosa oksijeni, na hapo huja maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Bandama, inayochuja vijidudu kwenye damu, huharibika mapema utotoni, ndiyo maana nimonia au maambukizi ya damu yanaweza kumuua mtoto huyu kwa haraka. Mishipa ya ubongo ikiathirika, mtoto anaweza kupata kiharusi. Maumivu haya ni ya kweli. Mtoto anayelia usiku kucha kwa sababu ya miguu hadeki wala hajifanyi, na kumwambia avumilie ni kumwongezea mateso.

Mbona alizaliwa mzima?

Mtoto huzaliwa na himoglobini ya kichanga, aliyoitumia tumboni mwa mama, nayo haishikani kuwa nyuzi. Inapungua polepole na kupisha ile ya utu uzima. Kwa hiyo dalili nyingi huanza karibu na umri wa miezi sita, na mara nyingi ya kwanza ni kuvimba vidole, viganja au nyayo kwa maumivu. Mzazi akiona hivyo asisubiri.

Ametoa wapi ugonjwa huu?

Kwa mama na kwa baba, wote wawili. Yai la mama hubeba nakala moja ya kila kinasaba, na mbegu ya baba hubeba nakala nyingine. Mtoto huugua selimundu akipata nakala yenye badiliko kutoka pande zote mbili. Akipata moja tu, anakuwa mbebaji: kwa kawaida haumwi, na wengi huzeeka bila kujua.

Wazazi wawili wabebaji wakipata ujauzito, uwezekano wa mtoto kuwa na ugonjwa ni asilimia 25, kuwa mbebaji asilimia 50, na kutobeba kabisa asilimia 25. Hesabu hii huanza upya kila ujauzito. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakuhakikishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima.

Basi hakuna haki ya kumlaumu mama peke yake, wala kuvunja ndoa kwa sababu ya ugonjwa huu. Hakuna aliyemroga mtoto. Ugonjwa hauambukizi kwa kula, kulala au kucheza pamoja. Maneno haya inafaa yasemwe wazi katika familia zetu, maana mtoto anayetengwa na mama anayefukuzwa huumizwa mara mbili.

Kwa nini umeenea sana Kanda ya Ziwa?

Kwa sababu ya malaria. Kimelea chake huingia ndani ya seli nyekundu na kuzaliana humo. Kwa mbebaji, seli iliyovamiwa huharibika na kuondolewa na bandama kabla kimelea hakijaongezeka sana. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionesha uhusiano huu kwa utafiti wake Afrika Mashariki, akauchapisha mwaka 1954. Kwa vizazi vingi, watoto wabebaji waliokoka malaria kali kuliko wenzao, nao wakarithisha kinasaba hicho.

Tahadhari moja: kinga hiyo ni ya mbebaji. Mtoto mwenye selimundu yenyewe anaweza kufa kwa malaria upesi, kwa kuwa damu yake ni kidogo tangu mwanzo.

Kipimo ni kipi?

Ni kipimo cha damu tu. Kuna kipimo cha haraka kinachohitaji tone la kidoleni, na kuna cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini na kuthibitisha kama mtu ni mgonjwa, mbebaji au hana. Uliza daktari matokeo yanaonesha lipi kati ya hayo matatu, kwa sababu kipimo rahisi cha kuangalia tu kama seli zinapinda hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa. Vijana wanaotaka kuoana wapime pia. Lengo ni wajue mapema na waamue pamoja, bila kutishana.

Matibabu yapo?

Yapo, na yanaokoa maisha. Mtoto mdogo hupewa penisilini ya kunywa kila siku, kwa kawaida hadi miaka mitano, ili izibe pengo la bandama. Hupewa foliki asidi kusaidia uboho, dawa ya kuzuia malaria, na chanjo zote ikiwamo ya nimonia. Usimpe vidonge vya kuongeza chuma bila daktari: chuma cha seli zilizovunjika hubaki mwilini, na huenda hakipungui.

Dawa iliyobadili hali ya wengi ni haidroksiyurea. Huamsha tena utengenezaji wa himoglobini ya kichanga, ile isiyoshikana kuwa nyuzi, hivyo kupinda kwa seli hupungua. Utafiti uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kongo na Angola, ukachapishwa mwaka 2019, ulionesha kuwa inapunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo kwa watoto wa Afrika. Bugando nako, utafiti ulioanza mwaka 2019 uliitumia kuwakinga watoto na kiharusi, kwa kupima kasi ya damu katika mishipa ya ubongo. Anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara, kwa kuwa hupunguza pia seli nyeupe.

Uponyaji kamili kwa sasa hupatikana hasa kwa kupandikiza uboho, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshapandikiza watoto wenye selimundu. Huduma hiyo ni ghali na haimfai kila mtoto. Dawa ya kila siku, kwa nidhamu, ndiyo njia iliyo karibu na wengi.

Nyumbani tufanye nini?

- Anywe maji mengi. Mwili ukikauka, seli hupoteza maji, himoglobini hubanana zaidi na nyuzi huundwa upesi.
- Akingwe na baridi. Baridi husinyaza mishipa na kuchelewesha damu. Upepo wa ziwa alfajiri, kuoga ziwani, na kukesha kwenye mtumbwi wa dagaa havimfai.
- Alale ndani ya chandarua kila usiku.
- Acheze na asome kama wenzake, ila aruhusiwe kupumzika anapochoka. Mwalimu aambiwe amruhusu kunywa maji na kutoka kwenda haja.
- Asikose kliniki, hata akiwa mzima.

Wakati gani ni wa kukimbilia hospitali?

Usingoje kesho ukiona lolote kati ya haya:

- homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, au joto kali kama huna kipima joto;
- maumivu yasiyotulia kwa dawa za nyumbani;
- maumivu ya kifua au kupumua kwa shida;
- kupauka ghafla, au tumbo kuvimba upande wa kushoto kwenye bandama;
- kupooza upande mmoja, mdomo kwenda upande, kushindwa kuongea, au degedege;
- kwa mvulana, uume kusimama kwa maumivu zaidi ya saa mbili.

Ukifika, neno la kwanza liwe: "Mtoto huyu ana siko seli." Linamwelekeza mhudumu moja kwa moja.

Nianzie wapi?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kama kuna mtoto katika ukoo aliyefariki akiwa mdogo kwa upungufu wa damu, au anayesumbuliwa na viungo mara kwa mara, omba kipimo wiki hii, wala usisubiri augue tena. Watoto wengi wenye selimundu wanaoanza matunzo mapema hukua, husoma, hufanya kazi na kulea familia zao. Wengi wa wale tunaowazika mapema walikuwa hawajapimwa. Tofauti hiyo iko mikononi mwetu sisi wazazi, na inaanza na tone moja la damu.