Simu ya Mkononi Nyumbani

Katika miaka ya 1970 mtu wa kijijini aliyetaka kupiga simu alifunga safari. Alikwenda posta, mara nyingi mjini wilayani, akataja namba anayoitaka, kisha akaketi kwenye benchi kungoja. Nyumbani kwake simu haikuweza kufika kwa urahisi, kwa sababu simu ya wakati ule ilihitaji nguzo na waya.

Simu za mkononi zilianza kutumika Tanzania mwaka 1994. Simu hizi hazihitaji waya kuja mlangoni kwako. Sauti yako husafiri hewani kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye mnara, na mnara huipeleka mbele.

Somo hili ni la mtu aliyenunua simu ndogo ya vitufe, ile ambayo wengi huiita kitochi, au aliyeletewa na mwanawe aliye mjini. Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Kwa hiyo simu yako uisome wewe mwenyewe.

Kuitayarisha

Simu haisemi bila laini. Laini ni kile kikadi kidogo kinachobeba namba yako. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha Taifa. Nenda mwenyewe. Ukiisha kuweka kidole mara moja, na msajili akakuambia uweke tena, muulize sababu. Wako watu waliosajiliwa laini mbili, wakapewa moja, na ya pili ikaenda kwa mwizi. Laini yenye jina lako ikitumika kutapeli, wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Ukitaka kujua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, bonyeza *106# kisha bonyeza kitufe cha kupigia. Alama * huitwa nyota. Alama # huitwa reli, kwa sababu inafanana na njia ya treni.

Kabla ya kuweka laini, zima simu na utoe betri. Utaona laini ina kona moja iliyokatwa. Mahali pake ndani ya simu pana mchoro wenye kona kama hiyo. Linganisha kona hizo mbili, na upande wenye rangi ya dhahabu uelekee chini. Laini ikikataa kuingia usiilazimishe, igeuze.

Kama nyumbani huna umeme wala sola, utapeleka simu dukani kuchajiwa. Hapo izime, utoe laini, ubaki nayo. Kadi ile ni ndogo, ifunge kwenye pindo la kanga au uiweke ndani ya daftari lako la darasa. Betri ikivimba usiichaji tena, usiitoboe, wala usiitupe motoni, maana inaweza kulipuka.

Vijiji vingi vina mahali penye mtandao. Pengine ni juu ya kichuguu, pengine ni chini ya mwembe wa mwenyekiti. Mawimbi huzuiwa na vilima, na hupungua nguvu yakipita kwenye kuta nene na mabati. Zunguka na simu ndani ya nyumba ukitazama vile vistari vya mtandao kwenye kioo. Penye vistari vingi, mara nyingi karibu na dirisha, ndipo pa kuiweka. Mahali pasipo na mtandao simu huendelea kuutafuta mnara, na betri huisha upesi zaidi.

Namba ya siri

Kuna namba mbili za siri, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kufungulia laini. Ukiiweka ukaikosea mara tatu, laini hujifunga, na kuifungua unahitaji namba nyingine yenye tarakimu nane. Namba hiyo huandikwa kwenye kadi kubwa ambamo laini ilibanduliwa. Itunze kadi hiyo. Mimi mwenyewe niliitupa yangu, nikakaa siku mbili bila simu, na huku nawafundisha wengine.

Namba ya siri ya pili ni ya fedha. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata. Tangu hapo simu ni kisanduku cha fedha, na namba hii ndiyo ufunguo wake.

Katika darasa moja nililolisimamia alikuwapo mama mmoja, mkulima wa karanga. Alipopata simu alikuwa hajui tarakimu. Akamwomba kijana wa mahali pa kuchajia amwekee namba ya siri, na kijana akamwekea. Kila mama alipotaka kutoa fedha alimpa kijana simu, naye akambonyezea. Mama alimwita "mwanangu". Msimu wa mavuno mnunuzi alimtumia Sh. 90,000. Mama alikwenda kwa wakala baada ya siku mbili, akakuta Sh. 400. Kijana alisema hajui lolote, na mama hakuwa na ushahidi. Fedha ile ilikuwa ya sare na madaftari ya wajukuu wawili.

Alikuja darasani wiki iliyofuata. Tukachora vitufe vya simu ubaoni, 1, 2, 3 juu, 4, 5, 6 chini yake, na kuendelea mpaka nyota, sifuri na reli. Alibonyeza ubao kwa kidole kila jioni. Siku alipoweza, alibadili namba yake ya siri mbele yetu. Lakini kabla ya kubonyeza alitugeuzia mgongo akatazama ukutani. Hata mimi mwalimu sikuiona.

Fanya kama yeye. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wala 1234. Usimpe mtoto, wala wakala, wala mtu anayesema anapiga simu kutoka kwenye kampuni. Mhudumu wa kweli haulizi namba ya siri.

Ujumbe wa uongo

Miezi michache baadaye mama yule yule alileta simu darasani. Alikuwa amepata ujumbe unaosema fedha ile aitume kwenye namba hii, kwa sababu ile ya kwanza imeharibika. Wakati huo alikuwa akingoja kumtumia kaka yake mchango wa matibabu. Zamani angeambiwa tu, "Kaka anataka umtumie hapa," naye angetuma. Sasa aliusoma mwenyewe, polepole, neno kwa neno. Akauliza, "Kaka yangu huniita Dada. Huyu mbona hasalimu?"

Tukampigia kaka kwa namba ya zamani. Iliita, akapokea. Hakuwa ametuma ujumbe wowote.

Wapo pia wanaotuma ujumbe kwamba umepokea fedha, kisha wakapiga wakilia kwamba wamekosea, uwarudishie. Tazama juu ya ujumbe umetoka wapi. Ujumbe wa fedha halisi hutoka kwa jina la huduma yenyewe, haukutoka kwenye namba ya kawaida yenye tarakimu kumi. Kisha tazama salio lako. Salio lisipoongezeka, hukupokea kitu. Kama kweli mtu amekosea, apige 100 kwa kampuni yake. Namba za matapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Namba za kuandika ukutani

Andika kwa mkaa au chaki karibu na mahali pa simu: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji, 116 msaada kwa mtoto. Ongeza namba ya zahanati yenu na ya mwenye pikipiki anayekubali kuamka usiku. Simu ikizima au ikipotea, huwezi kuyaona majina yaliyomo ndani, lakini ukuta utabaki.

Zoezi

1. Andika namba yako ya simu bila kutazama. Hesabu tarakimu. Je, ni kumi?

2. Tafuta nyumbani kwako mahali penye mtandao mzuri. Pana vistari vingapi?

3. Umepata ujumbe huu kutoka namba usiyoijua: "Mama ni mimi nimepata ajali simu imeharibika nitumie 30000 kwa namba hii usipige." Kwa nini mwandishi hataki upige? Utafanya nini kwanza? Jadilianeni darasani.

4. Mwandikie mwenzako ujumbe mfupi usiozidi herufi 160. Anza kwa salamu.