Mama wa Kambo na Kimya cha Baba



Tuchukue mfano wa nyumba moja huku kwetu Nyamache. Mama amefariki na kuacha watoto watatu. Baada ya miaka miwili baba anafunga ndoa tena kanisani. Kanisa halimkatazi, kwa maana kifo hukomesha kifungo cha ndoa. Jioni ya kwanza mama mpya anapika ugali na mboga, lakini binti mkubwa anakataa kula. Baba anaona, ananyamaza, anachukua kofia yake na kwenda zake sokoni.

Je, ni nani aliyekosa? Wengi watamlaumu binti au mama wa kambo. Mimi namlaumu baba. Binti anaogopa kwamba akikipokea chakula hicho atakuwa amemsahau mama yake. Mama mpya naye hajui kama ana ruhusa ya kumwonya mtoto. Ni baba peke yake awezaye kuwatuliza wote wawili, naye ameondoka.

Kuna hofu nyingine, nayo ni ya shamba. Kwa desturi ya Abagusii, kila nyumba ilikuwa na shamba lake, na wana walirithi kupitia nyumba ya mama yao. Siku hizi mashamba ni madogo. Mama wa kambo akipata mtoto wa kiume, wale wa kwanza hujiuliza, "Je, sisi tutafukuzwa?" Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inawatambua watoto wote wa marehemu, wa mama huyu na wa mama yule. Tena mtoto wa kambo aliyekuwa akitunzwa na marehemu anaweza kuomba mahakama imfikirie. Baba, waeleze jambo hili ungali hai, na uandike wosia.

Basi, tufanye nini?

1. Baba, kabla ya harusi zungumza na watoto. Waambie kwamba mama yao hatasahauliwa. Mwombeeni pamoja, na picha yake ibaki ukutani.

2. Mama, usidai kupendwa upesi. Anza kwa haki: chakula sawa, kazi sawa, karo sawa. Kama jina "mama" ni zito kwao, "mama mdogo" ni jina la heshima.

3. Msisemane mbele ya watoto. Kosa la mtoto lizungumzwe na wazazi wote wawili, na baba awe wa kwanza kusema.

4. Majirani na mashangazi, acheni kumwuliza mtoto, "Je, anakupa chakula?" Swali hilo hupanda chuki.

Tumkumbuke Mtakatifu Yosefu. Hakumzaa Yesu, lakini alimlea, akamfundisha kazi, na hakuna aliyemwita mgeni nyumbani mwake.

Swali la kuzungumza wawili jioni hii: Je, katika nyumba yetu kuna mtoto anayengoja neno moja kutoka kwetu?